Karatasi Hii Ionwe na Nani?
Somo juu ya alama za kuchunga hati zenye siri

Somo la mara hii ni juu ya karatasi: orodha za majina, fishi, kaye za kamati, pamoja na foto zinazokaa ndani ya simu. Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya watu wa biro. Sisi pia tulidhani hivyo, mpaka siku tulipokosa.

Mambo yaliyotokea kwenye ubao

Mwaka 2023, katika kambi moja karibu na Goma, tulifika asubuhi tukakuta watu wengi wamesimama mbele ya ubao wa matangazo. Kwenye ubao kulikuwa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa orodha ya jamaa zitakazopokea maharagi na mafuta siku ya Alhamisi, na hiyo ilipaswa kubandikwa. Ya pili ilikuwa orodha ya akina mama kumi na mmoja waliopelekwa kituo cha afya kwa sababu ya kutendewa jeuri na watu wenye silaha walipokwenda kutafuta kuni. Hiyo haikupaswa kuonwa na mtu yeyote isipokuwa muuguzi na mama mmoja wa kamati.

Karatasi zote mbili zilitoka kwenye mashini moja. Zilikuwa na safu zilezile: namba, jina, bloki, hesabu ya watu ndani ya jamaa. Kijana wa kujitolea aliambiwa "bandika orodha", naye alizikuta orodha mbili mezani akazibandika zote mbili. Kweli, chini kabisa ya ile ya pili paliandikwa kwa herufi ndogo za Kifaransa kwamba ni ya siri. Kijana yule alisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi tu, tena Kifaransa hakijui. Tuliibandua haraka, lakini simu zilikuwa zimekwisha kupiga foto. Kabla ya juma kwisha, mama mmoja aliondoka kambini usiku pamoja na watoto wake, akaacha hata jetoni yake ya chakula. Tulimtafuta, hatukumpata.

Tunapenda kusema wazi kwamba karatasi ile ilikuwa yetu. Haikuibwa, wala haikuuzwa na mtu. Ilikosa tu kitu cha kumwambia aliyeishika: wewe, usinibandike.

Katoni ya mafuta inajua kusema

Wale waliowahi kupakua lori la msaada wanajua jambo hili bila kufundishwa. Kwenye katoni kuna picha ya bilauri: ndani kuna kitu cha kuvunjika, ishike polepole. Kuna picha ya mwavuli: isinyeshewe. Kuna mishale miwili inayotazama juu: upande huu uwe juu. Katoni inaweza kutoka Italia, India au Uturuki, lakini picha ni zilezile, kwa sababu mataifa yalikubaliana juu yake katika kanuni moja inayoitwa ISO 780. Mpakuaji hahitaji kujua Kiitaliano. Hata hahitaji kujua kilichomo ndani. Anajua tu mkono wake ufanye nini.

Vilevile kwenye mlango wa gari la shirika mnaona bunduki iliyopigwa mstari mwekundu. Hakuna mtoto wa Masisi au Rutshuru asiyejua maana yake: silaha haiingii humu. Na pembetatu nyekundu yenye fuvu la kichwa, pale ambapo wateguaji wa mabomu wamepita, inasema usikanyage.

Hizi ni alama za kutenda. Haziandiki historia ya kitu, zinaamuru mkono au mguu. Neno "siri" lililopigwa juu ya karatasi halifanyi hivyo. Linamwambia msomaji kwamba jambo ni kubwa, kisha linamwacha palepale. Siri kwa nani? Mkuu wa bloki aruhusiwe au hapana? Naweza kumwonyesha mke wangu? Nikikimbia niibebe au niichome?

Wengine walivyofanya

Si sisi wa kwanza kusumbuka na swali hili. Umoja wa Mataifa, kwa taarifa ya Katibu Mkuu ya mwaka 2007, uligawa hati zake katika madaraja matatu: zisizo na zuio, za siri, na za siri kali. Mashirika ya misaada ya kiutu yalipewa mwongozo wa pamoja juu ya kuchunga habari za watu mwaka 2021, nao ulipitiwa upya mwaka 2023. Humo yanahimizwa kupima habari kwa hatari yake: habari hii ikitoka nje, itamdhuru nani, na kwa kiasi gani? Tunaona hicho ni kipimo kizuri kuliko kuuliza kama mambo yenyewe ni makubwa au madogo. Jina la mtu na namba ya bloki yake ni mambo madogo kabisa, mpaka anapotokea mtu anayemtafuta.

Kuna pia mpango unaotumiwa sana na watu wanaolinda kompyuta za serikali na za makampuni. Ulianza Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000, nao unafuata taa za barabarani. Nyekundu: habari inaishia kwa wewe uliyeipokea. Rangi ya machungwa: inaweza kufika kwa wenzako wa kazi wanaoihitaji. Kijani: inaweza kuzunguka ndani ya jumuiya yenu. Ya nne zamani iliitwa nyeupe, na tangu marekebisho ya mwaka 2022 inaitwa wazi: hiyo ni ya watu wote. Uzuri wa mpango huu ni kwamba rangi haisemi habari ni kubwa namna gani. Inasema inaweza kufika wapi.

Tulijaribu kuufundisha kambini jinsi ulivyo, tukashindwa siku ileile. Mzee mmoja kutoka Walikale alituuliza kwa adabu kwamba taa hizo za barabarani ziko wapi, maana yeye hajaziona. (Kinshasa hata roboti za kuongoza magari zilisimamishwa tangu mwaka 2013, lakini Kinshasa ni mbali.) Kisha tulipopitisha karatasi yetu kwenye fotokopi, nyekundu na kijani zote mbili zikatoka kijivu. Wako pia watu ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani tangu kuzaliwa, na usiku kwa mwanga wa tochi ndogo sote tunafanana nao. Hata wenye mpango ule wanadai jina la rangi liandikwe kwa herufi kubwa, wasitegemee rangi peke yake. Kwetu sisi, ambako wengi hawasomi, ilibidi pawe na picha.

Kutafuta picha zinazoeleweka

Zipo picha nyingi za bure. Mwaka 2012 ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoratibu misaada, yaani OCHA, ilitoa alama 500 ambazo kila mtu anaweza kutumia: hema, maji, chakula, watu wanaohama. Tulichagua kadhaa, nyingine tukazichora wenyewe, kisha tukazipeleka mbele ya kamati mbili za kambi bila maneno yoyote.

Tulijifunza mengi siku hiyo, na mengine yalituchekesha. Kufuli, ambayo sisi tuliipenda sana, watu waliisoma kuwa duka limefungwa. Wengine walisema hapana, maana yake ndani kuna mali. Jicho lililopigwa mstari walilisoma kuwa karatasi ya vipofu, na mama mmoja alifurahi kwamba hatimaye wamefikiriwa. Tangu hapo hatumwulizi mtu "hii ni picha ya nini?" Tunamwuliza: "ukiikuta hii juu ya karatasi mezani, utafanya nini?" Majibu ya swali la pili ndiyo yaliyotuongoza.

Zilibaki alama saba. Nne za kwanza zinasema karatasi inaweza kufika wapi. Megafoni, ile ya kutangazia kambini, inasema: ibandikwe, isomwe kanisani na msikitini, apewe kila mtu. Hema linasema: ni ya wakaaji wa kambi, tuizungumze sisi kwa sisi, lakini asipewe mgeni wala isitumwe nje. Meza yenye viti vitatu inasema: ni ya kamati ileile inayoishughulikia, haiendi kwa kamati nyingine wala nyumbani. Vichwa viwili vinavyotazamana vinasema: ni ya wawili tu, aliyeitoa na aliyeipokea.

Tatu zinazobaki ni za mkono. Kamera iliyopigwa mstari inakataza foto. Mkono juu ya mkono unasema hati ipewe mwenyewe, isiachwe mezani wala kupitishwa kwa mtoto au kwa mtu wa pikipiki. Na mwali wa moto, daima pamoja na tarehe pembeni yake, unasema siku gani hati ichomwe. Moto bila tarehe tumeukataza, kwa sababu kijana mwingine mwaminifu anaweza kuichoma siku ileile.

Hivyo orodha ya akina mama wale kumi na mmoja ingekuwa na vichwa viwili, kamera iliyopigwa mstari, mkono juu ya mkono, na moto wenye tarehe. Alama nne. Yule kijana asingeibandika.

Neno la tahadhari: msitumie msalaba mwekundu wala hilali nyekundu kuwa alama yenu, hata kama hati ni ya wagonjwa. Alama hizo zinalindwa na Mikataba ya Geneva na sheria za nchi, na anayezitumia ovyo anapunguza heshima inayookoa watu vitani. Wala msitumie fuvu. Fuvu liachwe kwa mabomu, watoto wasichanganyikiwe.

Namna ya kuzitia

Muhuri wa duka ni ghali. Sisi tunakata muhuri kutoka soli ya kandambili iliyochakaa, kwa wembe, kisha tunatumia wino wa kawaida wa muhuri. Kumbukeni kukata picha kinyume, ili ikipigwa itokee sawasawa. Vichwa viwili na meza havisumbui, lakini megafoni yetu ya kwanza ilitazama upande usiofaa, mpaka leo kuna kambi inayoitumia hivyohivyo. Asiye na muhuri achore kwa biki. Picha mbaya inayofanana daima ni bora kuliko picha nzuri inayobadilika kila juma.

Alama ikae juu, upande wa kulia, kwenye kila ukurasa. Si ukurasa wa kwanza tu, kwa maana kurasa huachana. Pembeni yake andikeni "1 kati ya 3", "2 kati ya 3", ili ukurasa ukipotea ujulikane. Kaye ya kamati ipate alama juu ya jalada, na alama hiyo iwe ile ya ukurasa wenye siri zaidi ndani yake: ukurasa mmoja wa vichwa viwili unaifanya kaye nzima kuwa ya vichwa viwili. Ndiyo sababu tunashauri mambo hayo yawe na kaye yao peke yake.

Kwenye simu muhuri haupigwi, basi ujumbe uanze na neno lenyewe: TANGAZO, KAMBI, MEZA, au WAWILI. Anayepokea ujumbe wenye neno WAWILI asiusukume kwenye kundi la WhatsApp. Lakini kwa kweli jambo la wawili lisiandikwe kwenye simu hata kidogo. Simu huombwa na shemeji, huuzwa, hunyang'anywa.

Alama si mlango wa chuma

Hapa lazima tuseme ukweli ambao wafundishaji wengi wanauruka. Alama inamsaidia mtu mwaminifu asikosee. Mwenye nia mbaya haimzuii, na pengine inamwonyesha karatasi ya kuchukua. Mtu kwenye bariera akifungua mfuko wako akakuta karatasi kumi, ataanza na ile yenye alama za kukataza.

Kwa hiyo hati ya vichwa viwili haisafiri. Ikibidi habari ifike mahali pengine, majina yabaki nyuma. Katika kaye moja andikeni majina na namba: namba 1 ni fulani, namba 2 ni fulani. Katika karatasi nyingine andikeni namba tu pamoja na shida ya kila mmoja. Kaye na karatasi hizo zisilale nyumba moja. Anayeiba moja tu hana kitu.

Hata wakubwa huvunjiwa. Mwezi wa kwanza mwaka 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wa kompyuta wamefikia habari za watu zaidi ya 515,000, wengi wao wakiwa watu waliotengana na jamaa zao kwa vita, misiba au uhamaji, watu waliopotea, na wafungwa. Hao wana wataalamu na mashini ambazo sisi hatuna. Tulichojifunza kwetu ni kuandika kidogo. Kabla ya kufikiri alama gani iwekwe, ulizeni kama safu ile inahitajika. Orodha ya mabashi haihitaji safu ya kabila. Sisi wa eneo hili la Maziwa Makuu tunajua kadi na orodha zenye kabila zimewahi kufanya kazi gani, hatuhitaji kuelezwa. Habari isiyoandikwa haina haja ya muhuri.

Kazi moja inaweza pia kuwa na hati mbili. Tarehe 1 Oktoba 2010 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti inayojulikana kama Ripoti ya Mapping, juu ya uovu uliotendeka nchini mwetu kati ya mwaka 1993 na 2003. Ndani yake kuna matukio 617 yaliyoelezwa, mahali kwa mahali, na kila mtu anaweza kuisoma. Lakini majina ya wanaoshukiwa kufanya maovu hayo hayakuwekwa humo, yalibaki katika hifadhi ya siri. Watu wengi wanalalamika kwamba haki imechelewa, na tunawaelewa. Lakini mtaona jinsi ukweli ulivyoweza kusemwa hadharani bila kila kitu kubandikwa ukutani. Kamati ya kambi inaweza kufanya vivyo hivyo: taarifa ya megafoni inasema "mwezi huu akina mama walishambuliwa njiani kwenda kuni, tunaomba ulinzi njia ile", na majina yanabaki kwa muuguzi.

Kiongozi anayeficha kila kitu

Kuna upande mwingine wa jambo hili, na tuna masikitiko nao. Tulipokwisha kufundisha kambi moja, tulirudi baada ya miezi miwili tukakuta karibu kila karatasi imepigwa alama ya meza. Hata hesabu ya magunia yaliyofika. Hata orodha ya sabuni. Watu wa bloki walipouliza kwa nini wengine hawakupata, waliambiwa: hiyo ni ya meza, huruhusiwi.

Huko si kuchunga hati, ni kuiba kwa muhuri. Tulikaa na kamati ile, tukakubaliana jambo ambalo sasa tunalifundisha siku ya kwanza: alama ya kufunga inalinda mtu, hailindi mali wala cheo. Hesabu ya magunia, tarehe ya mgawo, kipimo cha kila jamaa, masharti ya kuandikishwa na mahali pa kupeleka malalamiko ni mambo ya megafoni daima. Kama orodha ya watakaopokea inaweza kuwaletea wengine hatari, ubao ubebe namba za jetoni bila majina. Kila mtu atajua namba yake, na hesabu itaonekana. Na mwenye kutia alama ya meza au ya vichwa viwili aandike nyuma ya karatasi, kwa maneno machache, inamlinda nani. Akishindwa kuandika, alama iondolewe.

Siku ya kukimbia

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka usiku, na tena tarehe 27 Mei watu wa sehemu kubwa ya Goma walipoamriwa kuhama, kila mmoja alikuwa na muda mfupi wa kuchagua achukue nini. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia mjini, na mwezi wa pili kambi za pembeni zikavunjwa. Tumesikia kwa wengi kwamba kaye za kamati zilibaki chini ya bashi. Zilifika mikononi mwa nani, hilo linatunyima usingizi.

Ndiyo sababu kila kamati ichague mtu mmoja na msaidizi wake, na wote wawili wajue kaye zinakaa wapi. Saa ya kukimbia hawaanzi kusoma. Wanatazama alama tu: zenye mwali wa moto zinachomwa kwanza, hata kama tarehe haijafika, kisha zenye vichwa viwili, kisha za meza. Za megafoni ziachwe palepale. Kuchoma ni kuchoma mpaka majivu yasambaratishwe, maana karatasi zilizofungwa pamoja huungua pembeni na katikati husomeka vizuri.

Hati za jamaa yenyewe hazimo katika moto huo, hata moja. Karte ya uchaguzi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati za shule, fishi ya kituo cha afya, karatasi ya shamba iliyotolewa na mwami au na serikali: hizo ziwe na mfuko wao wa plastiki, na mfuko uchorwe alama ya mama aliyebeba mzigo kichwani. Katika nyumba kadhaa tumeona mtoto wa miaka sita akijua mfuko huo kuliko baba yake. Mkizipoteza, jueni kwamba Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa juu ya watu waliohama ndani ya nchi yao, za mwaka 1998, katika kanuni ya 20, zinawataka wenye mamlaka wawape watu hao hati mpya bila masharti magumu, na wasilazimishwe kurudi walikotoka ili kuzipata. Akina mama na akina baba wana haki sawa ya kuzipata, na mama ana haki hati itoke kwa jina lake mwenyewe. Si kila biro inaitii kanuni hiyo, lakini ni vizuri kuitaja mbele ya dirisha.

Kwa jamaa ambazo majina yao yanaandikwa

Mpaka hapa tumesema sana na viongozi. Sasa mama, baba, kijana uliyeketi mbele ya mtu mwenye kaye au simu kubwa: wewe ndiwe mwenye habari. Sheria ya nchi juu ya mambo ya dijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, inazilinda habari za mtu binafsi. Si kosa wala si dharau kumwuliza anayekuandika, hata kama ni mgeni wa cheo: karatasi hii itaonwa na nani? Itakaa wapi? Itachomwa lini? Mwombe akuonyeshe alama kabla hujasema jina lako. Akisema hana alama, mwache akueleze kwa mdomo, na usipotosheka unaweza kunyamaza juu ya yale yanayokutia hofu. Shirika lenye adabu halitakukatia chakula kwa sababu hiyo, na likifanya hivyo, njooni mtuambie au muwaambie viongozi wenu.

Nasi watumishi tunajua kuna haraka, mvua inakuja, foleni ni ndefu. Hata hivyo kumsomea mtu alama ya karatasi yake hakuchukui hata dakika moja.

Zoezi la kikao

Kaeni watu wanane hadi kumi na wawili, wanaume kwa wanawake, na vijana wawepo. Chukueni karatasi tupu tano, mseme ya kwanza ni ratiba ya chanjo ya watoto. Ya pili ni majina ya vijana waliotoka katika vikundi vya silaha na sasa wanajifunza useremala. Ya tatu ni malalamiko ya wakaaji juu ya mkuu mmoja wa bloki. Ya nne ni ramani ya njia ambazo akina mama wanapita kwenda kuni. Ya tano ni majina ya watoto wanaotafuta wazazi wao, pamoja na foto. Kila mtu achore alama anazoona zinafaa, bila kuongea, kisha mfunue pamoja.

Ya kwanza haitawasumbua. Ya nne huwagawanya watu, maana ramani inayowasaidia walinzi inamsaidia pia mvamizi. Juu ya ya tano, kamati moja ilibishana tangu saa nane mpaka jua lilipokaribia kutua. Baba mmoja alitaka foto ziwekwe megafoni kila mahali, ili wazazi wazione haraka. Mama aliyekaa karibu naye alitaka vichwa viwili, kwa sababu si kila anayekuja kumchukua mtoto ni mzazi. Walikubali kwanza foto ya uso bila jina na bila jina la kambi, mzazi atakayekuja aulizwe jina na alama za mwilini za mtoto wake. Baadaye wakarudi nyuma wakasema bado wanataka kufikiri. Karatasi yao ya tano ilibaki bila muhuri, na wameahidi kutuletea jibu kikao kijacho.